Kurumbiza Anamwita Nani?

Haya, sogeeni karibu. Huyu ni Mize, na ile ni nyumba ya bibi yake, katikati ya mikarafuu.

Mama yake Mize yuko hospitali. Amekwenda kujifungua. Mize amemngoja, amemngoja, mpaka amechoka kungoja.

Kwenye mpera wa uani anakaa kurumbiza, ndege mdogo wa manjano. Asubuhi moja akalia:

Kuru-kuru-bii! Kuru-kuru-bii!

Bibi akasema kurumbiza akilia uani, mgeni yuko njiani. Naye lazima ajibiwe:

"Kama ni wa heri, na aje."

Mize akajua ni Mama. Akamwekea muhogo wa nazi kwenye sahani, akaufunika vizuri.

Hodi, hodi. Kumbe ni Mzee Faki, jirani yao, kaja kuazima panga. Akala muhogo wote. Akaomba na chai.

Kesho yake tena:

Kuru-kuru-bii! Kuru-kuru-bii!

"Kama ni wa heri, na aje."

Mize akaweka sahani nyingine. Safari hii kaja mbuzi wa Mzee Faki. Huyo hata hodi hakupiga.

Mize akakasirika. Akasimama chini ya mpera, mikono kiunoni. Akamwambia kurumbiza kuwa ni mwongo, tena mwongo mkubwa. Machozi yakamtoka. Alimtaka mama yake tu.

Siku iliyofuata, mperani kimya. Kimya kabisa. Mize hakuweka sahani. Alikaa mlangoni, kashika tama.

Mara akasikia kandambili njiani. Chapa, chapa, chapa.

Nani huyo? Ni Mama! Kambeba mtoto, kamfunika kanga.

Mize akamkumbatia Mama miguuni, hataki kumwachia. Halafu akakumbuka. "Bibi, mbona leo kurumbiza hakulia?"

Bibi akacheka. "Kurumbiza anaita wageni. Mama yako si mgeni. Hapa ni kwake."

Mize akamchungulia mtoto. Pua ndogo. Nywele chache. Hajawahi kumwona hata siku moja. Sasa huyu je, ni mgeni?

Mtoto akakishika kidole cha Mize. Akakibana kweli kweli.

Mize akainama, akamnong'oneza. "Na wewe si mgeni. Hapa ni kwako."

Usiku ule Mize alilala ubavuni kwa Mama, na mtoto ubavu wa pili. Kurumbiza naye alikwishalala. Haya, nanyi laleni.