Wimbo wa Nzimashine

Nzimashine alifunua bawa moja, akalitetemesha, na maabara nzima ikajaa wimbo.

Kwa sikio tupu usingesikia kitu. Ni kikuzasauti, kilichofungwa juu ya kizimba cha kioo, ndicho kilichounasa mlio wa bawa dogo kuliko punje ya mchele na kuupandisha: kwanza mvumo mrefu, kisha mapigo ya harakaharaka, kisha mvumo tena. Hivyo ndivyo dume la nzi wa matunda humbembeleza jike, na Dakta Sikudhani Mhina alikuwa ametumia miaka sita kuufundisha mtambo huu wenye umbo la nzi wimbo huo.

Wakati huo mashamba ya Muheza yalikuwa yamepanda ghorofani, michungwa juu ya michungwa, na roboti ndizo zilizochuma. Lakini nzi wa matunda hakushindwa na chochote. Kila dawa aliizoea. Jike alitoboa ganda, akataga, na chungwa likaoza kwa funza likiwa bado mtini. Wakulima walikuwa wameshasema kwamba msimu huu ukiharibika, wataing'oa michungwa yote. Sikudhani alitaka jike ampende nzimashine, awakatae madume wa kweli, afe bila kutaga yai lenye uhai.

Ndani ya kizimba jike aligeuka. Alielekeza papasi zake za kichwani, ambazo ndizo masikio yake, akasogea. Nzimashine akamgusa kwa mguu wa mbele uliopakwa harufu ya dume, maana nzi huonjana kwa miguu. Jike akasimama kidogo, kisha akaruka zake.

Sikudhani na wenzake wakajaribu majike thelathini. Wote waliondoka.

Aliyeona kasoro ni Hoza Shekiondo, fundi mitambo, aliyezaliwa kiziwi. Yeye mashine zote alizisikiliza kwa viganja. Aliomba kwa lugha ya alama aletewe dume wa kweli, akaunganisha sahani inayokuza mtetemo na jani la kizimbani ambalo nzi walisimama juu yake, kisha akaushika mkono wa Sikudhani na kuuweka kwenye sahani hiyo.

Sikudhani alihisi kitu kikipita chini ya vidole vyake. Dume alikuwa akiimba kwa bawa, na wakati huohuo akilitikisa tumbo lake. Mtikisiko ulishuka miguuni mwake, ukapita katika jani, ukapanda miguuni mwa jike. Na kila ulipopita, jike aliacha kutembea.

"Ninyi mlisikiliza wimbo tu," Hoza alisema kwa mikono yake. "Jike anasikiliza na kwa miguu pia."

Sikudhani alivuta kiti, akaketi. Miaka sita alikuwa akisoma michoro ya sauti, na kumbe kiumbe mwenye ubongo mdogo kuliko chembe ya mchanga alikuwa akipima harufu, sura, ladha, wimbo na mtikisiko, vyote kwa pamoja, kabla ya kusema ndiyo.

Hoza alichukua majuma kumi na moja kutengeneza tumbo linalotikisika. Siku ya jaribio, majike wapya thelathini walibaki wote.

Nzimashine milioni mbili waliachiwa mashambani. Msimu wa kuchuma ulipofika, machungwa yalikuwa safi, na wakulima wakaleta matenga maabara, wengine wakitokwa na machozi.

Wiki iliyofuata Sikudhani na Hoza walipanda ghorofa ya tisa kuhesabu nzi. Wingu lilifunika jua, na nzimashine, ambao nguvu zao zilitoka kwenye jua, wakanyamaza. Juu ya jani moja jike alikuwa amesimama kando ya nzimashine aliyezimika. Dume wa kweli akatua. Akafunua bawa, akaimba, akamzunguka. Jike hakugeuka. Hoza aliligusa jani kwa ncha za vidole, akakaa hivyo muda mrefu.

Sikudhani akamuuliza amehisi nini.

"Dume anaita kwa nguvu zake zote," alijibu. "Jike anamngoja huyu wetu aliyezimika. Daktari, mtikisiko ule ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Na ni uongo."

Jumatatu Sikudhani alikwenda kwenye mkutano wa wakulima, akaomba sehemu moja ya shamba iachwe bila nzimashine, ili nzi wa kweli wasitoweke kabisa. Walibishana naye tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hakuwalaumu, maana wao ndio waliolala njaa. Mwishoni wakampa michungwa kumi na minane, kwa sharti kwamba machungwa yenye funza atayaokota yeye mwenyewe na kuyafukia.

Alikubali. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi huenda huko na gunia lake, na mara nyingi huchelewa kurudi, vidole vyake vikiwa juu ya jani.