Hundi ya Lori

"Weka spika nami nimsikie huyo shemeji wa karatasi!" Dada mkubwa alinong'ona, ingawa kunong'ona kwake kulitosha kuamsha mtaa mzima.

Sindano akabonyeza spika. Jina hilo alipewa na Dereva, mchumba wake, kwa sababu mbili: alikuwa fundi cherehani, na alikuwa mwembamba.

"Sindano wangu, mwenye fremu ya duka letu kapiga tena. Anataka kodi leo saa kumi, la sivyo anampa muuza viatu. Lipa kwa akiba yako, mpenzi. Hela ya lori si umeiona kwenye akaunti?"

"Nimeiona, lakini..."

Kuiona aliiona. Dereva alikuwa ameuza lori lake kwa ajili yake. Si yeye Sindano aliyelia, "Mimi sitaki kuolewa na vumbi la barabarani"? Mnunuzi akalipa kwa hundi ya benki, na Dereva akaiingiza moja kwa moja kwenye akaunti ya Sindano. "Ikikaa kwangu itageuka matairi," alicheka. Wangefungua duka la vitambaa, yeye auze, mkewe ashone.

Kesho yake salio likaruka, na moyo wa Sindano ukaruka nalo. Mbio hadi benki. Karani akamtuliza:

"Hiyo ni namba tu, dada'angu. Hundi bado haijapita. Benki iliyoitoa lazima iithibitishe. Ikikataliwa tunairudisha, na ulichokwisha kutumia ni deni lako."

"Lakini hundi ya benki si sawa na hela taslimu?"

"Ikiwa ni ya kweli. Subiri siku chache za kazi."

Hiyo "ikiwa" Sindano akaibeba hadi nyumbani, na kwa ujinga wake akampa Dada. Sasa Dada huyo aliwahi kuuza friji yake kwa hundi ya bandia. Tangu siku ile, hata ukimsalimia, salamu yako anaishika kwanza kwenye mwanga.

"Lakini nini, mpenzi?" Dereva aliuliza kwenye simu.

Dada akapora simu.

"Lakini tapeli hatumjui? Unamwekea mdogo wangu karatasi, yeye akupe hela halisi! Fremu gani? Mwenye fremu si mwenzako mnagawana? Mwizi mkubwa! Tafuta mjinga mwingine!"

Sauti ya Dereva ikatoka kwenye spika:

"Sindano, upo hapo?"

"Nipo."

"Umesikia nilivyoitwa?"

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

Neno moja tu lilitakiwa. Sindano akaitazama sura ya Dada, akatazama cherehani, akatazama kucha zake.

"Tusubiri tu... hundi ipite."

"Haya," Dereva alisema. Simu ikakatika.

Saa kumi fremu ikaenda kwa muuza viatu. Dereva hakupiga siku hiyo, wala iliyofuata. Sindano alishona mikono ya blauzi ikawa kama miguu ya suruali.

Kisha, akiwa katikati ya pindo, simu ikalia tiki. Ujumbe wa benki: "Hundi yako imepita. Sasa unaweza kutoa fedha."

"Bahati yako," Dada alisema, akaenda kuchungulia sufuria ambayo hata haikuwa jikoni.

Sindano akapiga simu.

"Mpenzi! Imepita! Tutafute fremu nyingine, hata leo!"

Upande wa pili injini ilikuwa inanguruma. Mlio ule aliujua: gia ya tatu inayolalamika kama mgonjwa aliyekataa dawa.

"Uko kwenye lori la nani?"

"Langu. Yaani lililokuwa langu. Aliyelinunua kakosa dereva wa kuivumilia hii gia. Kaniajiri."

"Unaendesha gari lako kwa mshahara?"

"Ningekaa nyumbani kumlinda nani?"

"Nisamehe. Benki ndiyo iliyoniambia nisubiri."

"Kusubiri sikukulaumu, Fundi. Hata benki ilisubiri. Ila benki haikukaa kimya mtu akiniita mwizi."

Fundi. Siyo Sindano. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Ni Dada aliyesema, siyo mimi!"

"Dada simuoi mimi. Nilikuuliza wewe."

Mngurumo ukapanda kidogo, kama wa gari linalokabili mlima.

"Nirudishie hela yangu, tafadhali. Labda atakubali kuniuzia tena."

"Na sisi je?"

"Barabara mbovu hapa, Fundi. Acha nitazame mbele."

Akakata. Sindano akamtumia fedha yote, hakubakiza hata senti. Chini yake akaandika: "Nakupenda. Mungu shahidi, sikuwahi kuamini kwamba wewe ni mwizi."

Jibu likaja jua likizama, pengine lori liliposimama kuongeza mafuta:

"Hela nimeiona. Hayo maneno mengine, ngoja kwanza yapite."