Mkate wa Sinia wa Bi Hindu

Kila siku nikirudi kutoka shule, kazi yangu ilikuwa moja: kumlinda bibi yangu na wali.

Msicheke. Ilikuwa mwaka wa 1956, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wenzangu wa mtaa wetu pale Lamu, wakishatoka shule na chuo cha Kurani, walikuwa wakiruka kamba uchochoroni. Mimi nilipanda ngazi moja kwa moja hadi chumbani kwa Bibi, nikavua viatu, nikambusu mkono, nikaketi mkekani mpaka adhana ya magharibi. Nilikuwa askari asiye na rungu.

Bibi yangu, Bi Ummu, alikuwa amekaa eda. Babu alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, na kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. Hilo peke yake Bibi angelistahimili. Lakini wiki ya tatu ya eda, kidonda kidogo kisiginoni mwake kilianza kukua badala ya kupona. Baba akamwita Bwana Jamaludin, dresa wa hospitali, mtu mrefu wa maneno machache. Bwana Jamaludin alichukua matone ya mkojo wa Bibi, akayatia katika kichupa chembamba chenye dawa ya buluu, akakipasha moto juu ya taa ya spiriti. Ile buluu ikageuka kijani, ikawa manjano, kisha ikawa nyekundu kama chungu kipya.

"Ni kisukari, Bi Ummu," alisema. "Kuanzia leo wali, mkate, muhogo, ndizi, tende, halua na chai ya sukari, basi. Kula samaki, nyama, mayai na mboga za majani. Sukari ikishuka, kidonda kitafunga."

"Na isiposhuka?" Baba aliuliza.

Bwana Jamaludin alikifunga kidonda kwanza, kisha akajibu. "Siku ya kutoka eda ikifika na kidonda bado ni kibichi, itabidi apelekwe Mombasa. Na huko naogopa watamkata mguu."

Bibi alimtazama kwa hasira. "Nami nile kitoweo kitupu? Kwani mimi ni paka wa gatini?"

Hakuna aliyecheka. Dresa alipokwenda zake, Bibi alitukusanya akatoa amri. "Neno hili lisipite mlango ule. Sitaki mtaa mzima useme Bi Ummu ana maradhi ya mkojo. Akija mtu, mguu huu umechomwa na mwiba. Akileta chakula, kipokeeni, mshukuruni, basi."

Mama alikuwa na jiko lake huko juu, Baba alikuwa na milango yake ya kuchonga karakanani. Basi kazi ya kumlinda Bibi ikaniangukia mimi.

Ilikuwa kazi ya kuudhi. Kwetu mtu asipokula wali hajala. Bibi alikuwa akimaliza samaki mzima wa kuchoma, na bamia, na yai, kisha anajipangusa mdomo na kusema, "Tangu asubuhi sijala. Nafa kwa ndaa." Njaa ya watu wengine kwa Bibi ilikuwa ndaa, na alikuwa nayo mchana kutwa.

"Khairiya, wanusa? Jirani wateleka wali wa nazi."

"Sinusi kitu, Bibi."

"Hebu nitilie ukoko kidogo. Ukoko si wali."

"Ukoko ni wali, Bibi. Bwana Jamaludin kasema."

"Bwana Jamaludin ajua nini kuhusu ukoko?"

Hivyo ndivyo tulivyoshinda, yeye akinung'unika na mimi nikikataa, huku nikisikia wenzangu wakihesabu mruko wa kamba huko chini. Nilichoka. Nasema kweli, kuna siku nilitamani nimpe hilo sufuria zima nikacheze. Lakini kila Alhamisi Bwana Jamaludin alikuja na kichupa chake, na rangi ilianza kushuka. Nyekundu ikawa manjano, manjano ikawa kijani. Kidonda nacho kikaanza kukauka pembeni.

Hapo ndipo ulipoingia mkate wa sinia.

Nyumba yenye eda haikosi sahani za majirani. Bi Hindu, shoga yake Bibi tangu utotoni, alikaa nyumba ya pili, na nyumba zetu ziliunganishwa na wikio, kile chumba kinachopita juu ya uchochoro. Mkate wake wa sinia, wa unga wa mchele na tui na hiliki, uliopikwa kwa makaa juu na chini, ulijulikana mtaa mzima. Siku moja alasiri aliutuma kwa mjukuu wake Tima, ambaye tulisoma naye darasa moja.

Mama alikuwa ameniagiza kwamba vya majirani vipelekwe jikoni tugawane, na sahani irudi na chochote, ndimu mbili au pilipili, maana sahani hairudi tupu. Nikaubeba ule mkate kwenda jikoni. Katikati ya ngazi nikamega kipande. Nikamega cha pili. Nilikuwa nimeudhika siku nzima, nikajiambia kwamba nina haki yangu. Nilipofika juu hapakuwa na mkate wa kugawana.

Kesho yake Tima akaniuliza, "Nyanya ataka kujua, Bi Ummu kaupenda?"

Ningeweza kujibu neno moja nikanyamaza. Lakini utamu ulikuwa bado ulimini. "Kaupenda mno!" nikasema. "Kaumaliza wote, hata sinia kalipangusa kwa kidole. Auliza utakuja mwingine lini."

Mwingine ukaja siku hiyo hiyo. Wiki ile nilikula mikate mitatu peke yangu gizani mwa ngazi, na kila mara nilimpa Tima salamu mpya za uongo. Kisha mikate ikakatika ghafla. Nilidhani Bi Hindu amechoka.

Alhamisi iliyofuata, dawa ya buluu ilipopata moto, haikusimama kwenye kijani. Ilikwenda mpaka nyekundu. Alhamisi ya pili, nyekundu tena, na bandeji ya Bibi ilikuwa imelowa.

"Kuna anachokula," Bwana Jamaludin alisema taratibu. "Na zimebaki wiki saba."

Baba akanigeukia. "Khairiya! Umempa nini bibi yako?"

"Sikumpa kitu, Baba! Wallahi sikumpa!"

"Basi unalinda nini humu ndani?"

Nililia kwa hasira. Wiki zote zile nimekaa mkekani kama mfungwa, sikucheza, na mwisho wake naambiwa mimi ndiye. Bibi aliangalia ukutani wala hakunitetea. Nikaapa moyoni kwamba nitajua anakula nini.

Sikuhitaji kutafuta sana. Siku ya pili, Bibi akiwa amesimama kwa sala ya alasiri, niliona sisimizi wakipanda sanduku lake la nguo. Nikalifungua. Chini ya leso, ndani ya kitambaa, palikuwa na nusu ya mkate wa sinia.

Nilimsubiri atoe salamu. "Bibi! Hiki ni nini? Wataka wakukate mguu? Mimi nagombezwa kwa ajili yako!"

Bibi alikunja msala wake polepole, akaketi na kuuweka mguu juu ya mto. Alionekana mdogo siku ile.

"Kaniletea Hindu mwenyewe," alisema. "Huja asubuhi, nawe uko shule, na mama yako yuko jikoni. Hupita ndia ya wikioni. Siku ya kwanza aliniambia, 'Shoga, Khairiya asema huna raha bila mkate wangu, hata sinia walipangusa kwa kidole chako. Basi nisitume watoto, nitakuletea kwa mkono wangu.' Nilishangaa. Mimi mkate aliotuma nilikuwa sijauonja hata chembe. Nikajiuliza, mtoto huyu kasema urongo wa nini? Lakini ulikuwa mbele yangu, wa moto, wanukia hiliki, na Hindu anitazama mato yote mawili. Ningemwambia sili, angetaka kujua kwa nini. Nikala. Siku ya pili nikala tena."

Nilikuwa nimemkasirikia Bibi, na Baba, na hata dresa na kichupa chake. Kumbe aliyeuingiza ule mkate chumbani alikuwa mimi.

Ningeweza kulifunga lile sanduku. Bibi asingesema, maana naye alikuwa na lake la kuficha. Lakini mguu wake ulikuwa pale mbele yangu juu ya mto, bandeji imeingia majimaji, na zilibaki wiki saba. Nikaondoka, nikapita wikioni kabla woga haujanirudisha.

Bi Hindu alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, na Tima akichambua mchele kando yake.

"Bi Hindu, nisamehe. Ile mikate aliyoleta Tima nilikuwa nikila mimi. Bibi hakuionja."

Bi Hindu aliangua kicheko. "Kumbe mlafi ni wewe!"

"Bibi ana kisukari. Mkate na wali ni sumu kwake. Ule mguu haukuchomwa na mwiba. Usipopona, atakatwa."

Kicheko kilikatika. Nusu ya nazi ilibaki mkononi mwake. "Na mimi," alisema, "kila asubuhi nimemlisha kwa mkono wangu, nikijiona nafanya wema." Matozi yalimtoka. Akainuka na mikono yake yenye machicha, akapita wikioni mbio mbio.

Tima hakunifuata. "Ulinifanya mwongo mbele ya nyanya yangu," alisema. Ilikuwa kweli.

Niliporudi, wazee wale wawili walikuwa wakigombana.

"Ummu! Tumesoma chuo kimoja, tumeolewa mwaka mmoja, wanificha mimi?"

"Naliona haya, Hindu."

"Haya! Mguu ukikatwa utatembea kwa haya? Hujui mficha maradhi kifo humuumbua?"

Bibi alijifunika uso kwa ushungi. Bi Hindu akaketi kitandani, akamshika mkono.

Jioni ile nilimweleza Baba kila kitu, kuanzia kipande cha kwanza pale ngazini. Hakunipiga. Aliniamuru nimkunie Bi Hindu nazi mwezi mzima, na akasema kwamba zile salamu zangu za uongo zilimuumiza kuliko ule mkate. Hilo liliniuma kuliko kiboko.

Kesho yake sahani ya Bi Hindu ilikuja kama kawaida, lakini safari hii ilikuwa na samaki wa kupaka na mchicha wa nazi. Bi Hindu mwenyewe aliifuata nyuma, akaketi mkekani, akala pamoja na Bibi bila hata punje ya wali.

"Leo paka wa gatini tu wawili," alisema.

Bibi akacheka. Tangu Babu afariki sikuwahi kukisikia kicheko kile.

Msidhani mambo yalikuwa rahisi tangu hapo. Bibi aliendelea kuudai ukoko wake, na kuna siku alinifukuza chumbani. Mikono yangu ilipata malengelenge kwa mbuzi ya Bi Hindu, na Tima alikaa wiki mbili hasemi nami mpaka nilipompa kamba yangu ya kurukia. Lakini chakula cha asubuhi Bi Hindu alikula na Bibi, na alasiri nilikuwapo mimi. Alhamisi baada ya Alhamisi ile rangi ilishuka, mpaka siku moja dawa ilichemka na kubaki buluu vile vile. Bwana Jamaludin alikigeuza kichupa huku na huku kwenye mwanga, kisha akakitazama kisigino kilichofunga.

"Mombasa nendeni kutembea tu," alisema.

Siku ya kutoka eda nyumba yetu ilijaa wanawake. Bibi alikuwa ameoga, amevaa nguo mpya, na harufu ya udi imejaa chumba kizima. Masinia ya wali yakaletwa, na halua. Mgeni mmoja akamsogezea Bibi sahani. "Kula, Bi Ummu, leo siku yako."

Chumba kizima kilimtazama. Mimi nilisimama mlangoni; hapo hapakuwa na askari wa kumsaidia.

"Wali sili, wenzangu," Bibi alisema kwa sauti ya kusikika. "Nina kisukari. Naliona haya kuwaambia, na haya ile ilikuwa inipotezee mguu."

Kisha bibi mmoja aliyeketi pembeni akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi nami nina kiu isiyokwisha, na usiku kucha naamka kwenda haja. Huyo dresa wenu hupatikana wapi?"

Wageni walipokwisha kuondoka, Bibi alivaa buibui lake, akatwaa sahani ya Bi Hindu, akatia ndimu nne ndani yake. "Ndoo hapa, Khairiya," aliniita. "Twende tukairudishe."

"Tupite wikioni, Bibi?"

"Tupite ndiani. Nataka kukanyaga chini."

Tukashuka uchochoroni. Alitembea polepole kwa miguu yake miwili, mkono mmoja begani mwangu.

"Mimi nilificha maradhi, wewe ukaficha ulafi," alisema. "Hakuna kati yetu aliyetaka kumdhuru mwenziwe. Lakini yangu na yako yalipokutana, kidogo yanikoseshe hatua hizi. Kweli iseme mapema, mwanangu, ingali ndogo. Ikishakua, itakutoa matozi, kama ilivyonitoa mimi na Hindu."

"Nimesikia, Bibi."

Tukafika mlangoni kwa Bi Hindu. Kabla ya kubisha hodi, Bibi aliniinamia sikioni.

"Sasa niambie kweli. Ule mkate ulioula pale ngazini, ulikuwa mtamu?"

"Mtamu sana, Bibi."

"Najua," alisema, akashusha pumzi, akabisha hodi.