Karani wa Ghorofa ya Sita

Simu ya mezani iliita saa nne asubuhi, na kidirisha chake kidogo hakikuonyesha namba yoyote. Simu zote za ndani ya kampuni huonyesha namba. Chaja alilijua hilo vizuri, maana nusu ya simu hizo alizifunga yeye, akitambaa chini ya meza za watu na nyaya mdomoni, katika mwezi wake wa kwanza wa uanagenzi.

Jina la Chaja alibandikwa kazini, kwa kuwa kila aliyeishiwa betri alimkimbilia yeye. Sasa alikuwa mwezi wa tatu katika idara ya TEHAMA: kunasua karatasi kwenye printa, kubeba skrini ghorofa hadi ghorofa na, zaidi ya yote, kuwafungulia akaunti watu waliosahau maneno yao ya siri. Mwisho wa mwezi msimamizi wake, ambaye wote walimwita Mhandisi, angeamua kama abaki au arudi nyumbani.

"TEHAMA, habari za asubuhi."

"Mwanangu," ilisema sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu asiye na haraka. "Nimefungiwa nje. Nifungulie."

Akataja namba yake ya utumishi. Akaunti ilikuwepo: karani wa stoo, ghorofa ya sita. Chaja akaifungua, akashukuriwa. Alipokata simu, sikio lake la kulia lilikuwa limekufa ganzi, na katika chumba kile cha zulia na kiyoyozi kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, ule unaotoka shimoni.

"Nani kaingia na matope?" aliuliza. Hakuna aliyeinua kichwa.

Kesho yake, saa nne, sauti ile ile. Keshokutwa pia, na hivyo hivyo kwa wiki tatu. Kila mara akaunti ilikuwa imefungwa tena, na kila alipoifungua ganzi ilisogea: shavu, ulimi, bega, mkono mzima. Chaja hakumwambia mtu. Mwanagenzi gani ataenda kwa bosi wake aseme simu inamla? Cha ajabu, hata hofu haikuja. Aliitafuta kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa, akakuta pengo.

Aliyeogopa ni mama yake. Asubuhi moja alimtilia chai, akageuka kuchukua sukari, akarudi akakuta kikombe kitupu.

"Wewe! Chai hiyo imetoka motoni sasa hivi!"

"Ilikuwa nzuri, mama."

"Hebu fungua mdomo."

Kaakaa lote lilikuwa malengelenge. Mama aliweka kijiko mezani polepole, kana kwamba kingelia.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Siumwi popote," alisema Chaja. "Popote kabisa."

Mama akatoka uani na simu yake, akampigia dada yake.

Siku hiyo, saa saba mchana, watu walipokwenda kula, Chaja alipanda ghorofa ya sita kumtafuta huyo karani. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na ndani, nyuma ya viti vibovu vilivyopandana hadi darini, palikuwa na meza moja tu iliyopanguswa vumbi, na juu yake kibodi ambayo vitufe vyake vilikuwa vikibonyea kimoja kimoja, tak, tak, tak, kama chini ya vidole vya karani aliyeizoea kazi yake, na kila kilipobonyea kimoja harufu ya udongo ilizidi, na kiti kilichokuwa mbele ya meza kilikuwa kimebonyea katikati, kama kinavyobonyea kiti kilichokaliwa, mpaka Chaja akajiambia kwamba mtu mwingine angekuwa ameshakimbia, naye akabaki amesimama, akitazama, akihesabu vitufe.

"Usiguse kitu," mtu alinong'ona nyuma yake. Alikuwa Mhandisi, mtu wa utani mwingi, lakini leo midomo yake ilikuwa mikavu.

"Huyu karani ni nani?"

"Hakuna karani. Miaka saba iliyopita tulifunga mfumo mpya, nikahitaji mtu wa kuujaribia. Nikabuni jina, nikabuni cheo, nikampa na namba. Kazi ilipoisha nikasahau kumfuta. Mwaka mmoja baadaye akapiga simu."

"Akataka nini?"

"Kufunguliwa. Kila jioni namfungia. Kumfuta nimejaribu, mkono unagoma."

"Na simu yake ilikujaje kwangu?"

Mhandisi akatazama viatu vyake. "Niliihamishia meza ya wanagenzi. Wewe ni wa nne."

Chaja alijua kwamba hapo ndipo mtu hukasirika. Akaisubiri hasira. "Sawa," alisema mwishowe, akashuka kwa ngazi.

Mama mkubwa wake alikuwa mkunga mstaafu, na kwa miaka mingi watu walimletea pia wagonjwa ambao hospitali haikuwaona na ugonjwa. Kesho yake saa tatu na nusu alikuwa amekaa kando ya meza ya Chaja, mkoba magotini, akimchoma kwa pini kuanzia kiganja kwenda juu.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana, mama mkubwa."

Pini ikafika chini ya mtulinga. "Ganzi ikivuka hapa kuingia moyoni, hutamjua hata aliyekuzaa," alisema kwa sauti ya chini. "Akipiga, pokea. Usifungue. Muulize jina."

Saa nne simu ikaita. Chaja akauliza. Jibu halikutoka kwenye simu, lilitoka kinywani mwake mwenyewe, kwa sauti ile tulivu.

"Jina mlinipa nyinyi. Nilikuwa napita tu, sina pa kukaa. Nikakuta jina limewekwa, na kiti kimewekwa, hakuna aliyekikalia. Nikakaa."

"Kiti hicho si chako," alisema mama mkubwa.

"Kilikuwa cha nani?"

Mama mkubwa akamgeukia Mhandisi, aliyekuwa ameng'ang'ania fremu ya mlango. "Uliyelitoa jina, njoo ulichukue."

"Mkono unagoma, mama."

"Mungu kakupa miwili. Tumia wa pili."

Akabonyeza kitufe cha kumfuta kwa mkono wa kushoto, akilia. Skrini zote zikazima, feni za chumba cha seva zikanyamaza, na katika kimya kile kila mtu wa idara alisikia kiti kikikokotwa sakafuni ghorofa za juu. Kisha umeme ukarudi, na maumivu ya wiki tatu yakamrudia Chaja kwa mara moja: kaakaa, vidole, kila tundu la pini. Akapiga yowe.

"Lia, mwanangu," alisema mama mkubwa. "Lia mpaka utosheke."

Baadaye, wakisubiri lifti, Chaja alimuuliza, "Lile lililokalia kiti limekwenda wapi?"

"Mimi natoa tu. Pa kwenda linachagua lenyewe."

Chaja akabakizwa kazini. Mhandisi alitia saini karatasi zake, na Alhamisi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, akaanza kumfundisha kulehemu nyaya zilizokatika. Alieleza vizuri, taratibu, hatua kwa hatua: waya hushikwa hivi, risasi huyeyushwa hivi. Chaja alikuwa ameinama akitazama waya aliposikia harufu ya nyama inayoungua. Mkono wa kushoto wa Mhandisi ulikuwa umelala juu ya chuma cha kulehemu, na moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kati ya vidole, naye akiendelea kufundisha.

Chaja akachomoa plagi. Akamburuta hadi kwenye sinki, akamfungulia maji ya baridi, akaushika ule mkono chini ya bomba kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimdondoka.

Mhandisi akamtazama kwa upole.

"Kwani unalia nini?" alimuuliza.