Sukari ya Msiba

Nina miaka arobaini na moja, mjane, mama wa binti mmoja. Wasomaji wenzangu, mkimaliza kusoma mtanitukana. Nitukaneni tu. Wanaonijua wameshanimaliza.

Miaka minne iliyopita nilikuwa msimamizi wa stoo ya karanga hapa Malaba. Chini yangu kulikuwa na wanawake thelathini, kazi yao kuchambua karanga, mbovu huku, nzima kule, kabla hazijavushwa upande wa Kenya. Mume wangu Oketcho alibaki nyumbani Nabuyoga akilima. Mimi nilipanga chumba Malaba, nikawa narudi kwake kila Jumamosi.

Kazi hiyo sikuipata kwa ujanja wangu. Aliyenishika mkono kunipeleka kwa Hajji, mwenye stoo, ni Athieno, mchambuaji wa siku nyingi, mzaliwa wa kijiji kile kile nilikoolewa. Binti yangu Awor alipougua surua, Athieno ndiye aliyelala naye hospitali wiki nzima. Likumbukeni jina hilo...

Shida ya stoo ilikuwa mazishi. Kwetu mtu akifa, jembe linawekwa chini. Wanawake hubeba unga, kuni na maji, wakakaa na wafiwa siku mbili, tatu. Asiyezika wenzake naye hazikwi, kila mtu anajua. Basi kila wiki watu watano, sita hawapo, na malori yananisubiri mimi!

Hajji akanipeleka semina ya siku tatu Tororo. Mwalimu alitufundisha jinsi mfanyakazi anavyofikia uamuzi. Alisema mtu haamui peke yake, humtazama jirani. Tena kupokonywa alichokwisha kukiita chake kunamuuma kuliko kukosa asichowahi kuwa nacho. Usimkataze mtu, alisema, mpangie mambo mpaka achague mwenyewe unachotaka wewe. Jamani, nilirudi kichwa kimevimba!

Nikawagawa makundi ya sita sita. Mwanzo wa mwezi kila mwanamke aliwekewa rafuni kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, jina lake juu. Atachukua mwezi ukiisha. Lakini mmoja wao akikosa siku moja tu, vya wote sita vinaondolewa mbele ya macho yao, na jina lake linaandikwa ubaoni kwa chaki nyekundu.

Hajji aliposikia alikunja uso. "Mama Awor," aliniambia, "ya uvivu sawa. Lakini maiti ya watu wachana nayo kabisa. Hiyo hapana chezea." Nikamjibu kwamba tukifungua mlango huo, kila wiki kutakuwa na shangazi anayekufa. Nikacheka. Akaniachia.

Mwezi wa tatu mama yake Athieno akafariki.

Athieno alikuja asubuhi kuniaga, macho yamevimba. Zilibaki siku mbili mwezi uishe. Ningemwambia nenda. Neno moja tu! Badala yake nilitumia ile sauti ya upole niliyojifunza semina. "Hakuna anayekukataza, dada. Amua mwenyewe. Ongea tu na kundi lako kwanza." Nilijua ninalofanya.

Wenzake watano walimzunguka. Mmoja alimwonyesha ile sukari rafuni huku akilia, akamwambia mama ameshakufa, lakini watoto wao bado wanakunywa uji bila sukari. Athieno alinitazama mimi, hakuwatazama wao. Kisha akakaa kwenye gunia lake.

Saa walizokuwa wakimshusha mama yake kaburini, yeye alikuwa akichambua karanga, machozi yanadondokea ungo. Na mimi je? Nilifurahi! Nisiwafiche. Nilipita ubaoni nikaona kundi lake halina chaki nyekundu, nikajiona bingwa. Toka siku ile hakuna aliyeniomba tena ruhusa ya msiba.

Mchimba kisima huingia mwenyewe... Mwezi wa nane Oketcho wangu alianguka shambani. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho.

Tulimzika Alhamisi. Nilipeleka habari stoo, nikaazima masufuria makubwa, nikijua wale thelathini peke yao watajaza uwanja. Saa nne hakuna mtu. Saa sita hakuna mtu! Hata wanawake wa kijiji hawakuja, maana habari za Athieno na mama yake zilikuwa zimefika zamani. Walikuja wazee wachache wa ukoo, wakachimba kimya, wakafukia kimya, wakaenda zao.

Hajji alikuja. Nikamuuliza, je, umewakatalia? Akatikisa kichwa. "Mimi nawaambia, anataka kwenda aende. Hakuna alisimama."

Mnajua nani alichota maji siku hiyo? Mimi, mjane! Kwetu mjane hukaa chini, hagusi kazi, wenzake humshika mabega. Mimi nilibeba jerikeni kutoka kisimani, na Awor akipuliza moto, akiniuliza, "Mama, watu wako wapi?"

Jumapili Athieno akaja. Nilimkimbilia nikilia kwa sauti. Hakunipokea. Alitoa kwenye mfuko pakiti mbili za sukari, jina lake bado limebandikwa, mwandiko ni wangu.

"Leo nakuja sababu leo kazi hakuna," alisema. "Hii ni sukari ya mama yangu. Mimi sijaonja. Wewe chemsha chai, kunywa."

Akageuka. Hata kaburi hakulitazama.

Stoo nimeacha. Siku hizi mtu akifa, awe Nabuyoga au Malaba, mimi hufika wa kwanza na jerikeni langu. Wanapokea maji. Hakuna anayenisogezea mkeka.

Ninyi mnaosimamia watu, nawasihi. Semina nendeni, na ubao andikeni. Lakini aliyefiwa akisimama mbele yako, usimwambie aamue mwenyewe wakati mtego umeutega wewe. Mwambie nenda! Mfungulie mlango na nauli mpe. Mimi nilikuwa na watu thelathini, nikawauza kwa sukari.

Ile ya Athieno bado iko juu ya kabati. Kuinywa siwezi, kuitupa siwezi. Juzi Awor aliniuliza, siku nikifa amwite nani aje kunizika. Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Sikupata jina la kumtajia.