Mtoto wa Barthélemy

Anastasie na mume wake Honoré walilima maharagwe na muhogo kwenye kilima kimoja cha Masisi. Mwaka 1965 vita vilifika pale. Walikimbilia msitu wa Walikale na mtoto wao wa kunyonya, Elisabeth. Mvua iliwanyeshea. Mtoto alishikwa na homa, akafa njiani. Wakamzika kando ya mto.

Waliporudi, walikuta shamba lao limelimwa. Jirani yao Barthélemy ndiye aliyelichukua. Alikuwa na marafiki kati ya askari, kwa hiyo watu walimwogopa. Nyumba yake ilikuwa na mabati mapya, na mbuzi wake waliongezeka.

"Sisi tunasali, lakini yeye njo anashiba," Honoré alisema. "Nitachoma ile nyumba."

"Ukiichoma, Elisabeth atarudi?" Anastasie akamuuliza.

Kesho yake waliomba kipande kingine cha ardhi, ng'ambo ya kijito. Anastasie alilima akilia. Maziwa yalikuwa yangali yanamjaa kifuani.

Siku zile mke wa Barthélemy alikufa akizaa. Mtoto wa kiume alibaki. Adelaïde, mkunga wa kilimani pale, alimkuta nyanya wa mtoto akimnywesha uji wa muhogo.

"Acha, Mama," Adelaïde alisema. "Tumbo yake iko changa. Uji hauwezi kumukomaza, na maji mabaya yatamuharisha. Mutoto kama huyu anataka maziwa ya mama tu. Tutafute mwanamuke wa kumunyonyesha."

Alienda moja kwa moja kwa Anastasie.

"Sikulazimishi, dada. Lakini sioni mwingine."

"Mutoto wa Barthélemy?" Honoré alipiga kelele. "Hapana!"

Anastasie aliweka jembe chini.

"Mambo ya shamba, Mungu anayaona," alisema. "Huyu mutoto hakuiba kitu. Iko na njaa sasa."

Akajifunga kikwembe, akatoka.

Barthélemy alikuwa mlangoni. Hakumsalimu. Alisogea tu, Anastasie apite. Mtoto alinyonya kwa nguvu, na machozi ya Anastasie yakamdondokea kichwani.

"Anyonye kila akitaka, muchana na usiku," Adelaïde aliagiza. Basi Anastasie akampeleka nyumbani kwake. Siku za kwanza Honoré aligeukia ukuta. Kisha, asubuhi moja ya baridi, Anastasie alimkuta akimfunika mtoto kwa koti lake.

Mtoto alinenepa. Akina mama wa kilimani waliona, wakaacha kuwapa watoto wachanga uji. Lakini Barthélemy hakurudisha shamba. Alinunua mbuzi wengine. Watu walimcheka Anastasie, na bado alimlilia Elisabeth.

Meno ya kwanza yalipoota, Barthélemy alikuja kumwona mwanawe. Alinyoosha mikono. Mtoto alimkataa, akamshika Honoré shingoni.

Barthélemy alibaki amesimama, mikono mitupu.

Honoré alimtazama sana. Mwishowe akamsogezea kiti.

"Ikala, Papa," alisema. "Maharagwe imeiva."

Barthélemy alikula kichwa chini. Mwanawe alikuwa anacheka mapajani mwa Honoré.