Saa Ambazo Gathoni Hakuwa Nazo

Mama Gathoni huamka saa kumi na moja alfajiri. Huchemsha chai ya watu watatu, hunywa yake akiwa amesimama, kisha huvaa koti na kutoka. Wanaishi Ruiru, katika chumba kimoja cha ploti yenye vyumba kumi na sita, na kazi yake iko Thika. Ni karani wa stoo katika kiwanda cha maboksi ya katoni. Huingia saa moja na hutoka saa tisa alasiri.

Gathoni ana miaka kumi na mitatu, yuko Gredi ya Nane. Kazi yake ya asubuhi ni kumwamsha mdogo wake, Kahiga, kumwosha uso na kumpeleka kwa Janice kabla ya kwenda shule. Janice ni jirani anayelea watoto wa ploti hiyo. Hufungua mapema, saa kumi na mbili, lakini saa kumi jioni ikigonga, hufunga. Ana kibarua kingine cha kuosha vyombo kwenye vibanda vya nyama choma kule Kamakis, na huko ukichelewa unakuta mwingine ameshika sufuria yako. Kwa hivyo Mama akitoka kazini hukimbia moja kwa moja kumchukua Kahiga.

Maisha yalikwenda hivyo siku zote. Hayakuwa mazuri, lakini yalikwenda.

Kwa miaka tisa Mama alikuwa ameandika maboksi yanayoingia na yanayotoka. Katika miaka hiyo walikuja vijana wawili wenye vyeti vya uhasibu, akawafundisha stoo, halafu wakawa wakubwa wake. Mwaka huu aliamua naye atasoma uhasibu. Alijiandikisha katika chuo kimoja cha Thika, akalipa karo ya muhula, akapewa karatasi ya ratiba ili achague darasa. Kabla ya Jumatatu saa sita mchana alitakiwa awe amechagua.

Jumapili baada ya kanisa aliiweka karatasi hiyo mezani. Kulikuwa na darasa la asubuhi, saa mbili hadi saa sita. Hilo hakulitazama mara mbili. Kulikuwa na darasa la Jumamosi, mchana kutwa. Na kulikuwa na darasa la jioni, saa kumi na moja hadi saa moja na nusu.

"Si uchukue la Jumamosi," Gathoni alisema.

"Jumamosi niko kazini hadi saa saba."

"Umwombe Hitesh ruhusa."

Hitesh ndiye mwenye kiwanda. Mama alicheka bila furaha. "Hitesh? Kuna mwanamume aliomba ruhusa ya kwenda kuposa, akaambiwa apose Jumapili. Mimi nimwambie nataka kusoma? Atafikiri natafuta njia ya kuondoka."

Akachukua kalenda ya mwaka jana, akaigeuza nyuma, akachora mistari. Mama alikuwa na mazoea hayo ya stoo: kitu kisichoandikwa, kwake, hakipo. Juu aliandika siku, pembeni akaandika saa. Akajaza saa zake, saa za Kahiga, saa za Janice. Alipofika kwenye saa kumi jioni akaweka kalamu chini.

"Hapa ndipo pananishinda," alisema. "Saa kumi Janice anafunga, na mimi niko Thika nangojea darasa. Mtoto atakaa na nani? Basi. Niache tu. Karo wakirudisha warudishe, wasiporudisha wakae nayo."

Gathoni alimwona akianza kuikunja ile karatasi ya chuo. Hakuwa amewahi kumwona mama yake akikunja kitu polepole hivyo.

"Mama, si mimi nitamchukua?"

"Wewe unatoka saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Na ile kazi yenu ya bustani?"

"Siku hizi tunaifanya asubuhi."

Huo ulikuwa uongo. Ni kweli masomo yaliisha saa tisa na nusu, lakini wanafunzi wa Gredi ya Nane walibaki hadi saa kumi na moja kwa mradi wa kilimo, na alama zake zilikuwa za tathmini ya mwaka. Mama aliandika jina la Gathoni kwenye saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, na kesho yake akachagua darasa la jioni.

Kikundi cha Gathoni kilikuwa na watu watatu: yeye, Lynn na Mwas. Walipanda sukuma wiki kwenye magunia manne nyuma ya madarasa, wakagawana siku za kumwagilia. Jumanne na Jumatano zilikuwa za Mwas, Alhamisi ya Lynn, na Ijumaa na Jumatatu za Gathoni. Bawabu alifungua tangi la maji saa kumi tu, jua likipoa. Kila aliyemwagilia alitia sahihi katika daftari la kikundi na kuandika ni lita ngapi, na mwalimu alitegemea daftari hilo.

Saa tisa na nusu kengele ilipolia, Gathoni alikuwa wa kwanza langoni.

"Wee Gathoni, tena?" Mwas alimwita siku moja. "Unakimbia kama kuku ameona mwewe."

"Niko na ruhusa."

"Ruhusa ya nani? Mbona sisi hatupewi?"

"Mwache," Lynn alisema. "Si anamwagilia siku zake? Angalia daftari."

Na kweli, ukiangalia daftari ulikuta sahihi yake. Gathoni aliiweka wakati wa mapumziko ya saa nne, wakati tangi lilikuwa bado limefungwa kwa kufuli. Lita kumi na mbili. Wiki ya kwanza alitazama nyuma kabla ya kuandika. Wiki ya tatu hakutazama tena, na hilo ndilo baya zaidi kuliko yote ninayowasimulia.

Hesabu mwenyewe. Kutoka Alhamisi jioni hadi Jumanne jioni, magunia yale hayakupata tone. Ulikuwa mwezi wa tisa, na mvua ilikuwa bado. Sukuma zilinyauka, zikainuka, zikanyauka tena. Mwas alidhani ni wadudu, akaleta jivu kutoka nyumbani. Lynn alidhani ni mbegu mbaya. Gathoni alisimama pamoja nao akitikisa kichwa kama mtu anayeshangaa.

Nyumbani mambo hayakuwa afadhali. Mama alirudi saa mbili na nusu akiwa amechoka hata kuongea, akala chakula kilichopoa, akafungua vitabu. Kahiga alianza kumwita Gathoni mama kwa bahati mbaya. Lakini Mama alipata alama sabini na moja katika jaribio la kwanza, akaibandika karatasi hiyo ukutani. Kila Gathoni alipotaka kusema ukweli, aliitazama karatasi ile, akanyamaza.

Wiki ya saba, Jumanne asubuhi, Mwalimu Mbaluka wa kilimo alipita kukagua. Sukuma za vikundi vingine zilifika kiunoni. Za kikundi cha Gathoni zilikuwa vijiti vya manjano.

"Mwas, umezifanyia nini hizi?"

"Mimi? Mwalimu, mimi nimezitia jivu hadi zikapiga chafya."

Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka. Alifungua daftari, akasoma, kisha akaingiza mkono wake katika gunia la kwanza hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa, vumbi lilimwagika kama unga.

"Jana kuliwekwa lita kumi na mbili hapa. Zimeenda wapi?"

Mwas aliangalia chini. Lynn alimwangalia Gathoni.

"Sikumwagilia, mwalimu," Gathoni alisema.

"Jana tu?"

"Siku zangu zote."

Mwas aliinua kichwa. "Na mimi nikachoma takataka za ploti nzima nipate jivu," alisema taratibu. Hakumsemesha tena wiki hiyo yote.

Jumatano Mama aliitwa shuleni, hakwenda darasani. Saa kumi alikuwa ameketi mbele ya Mwalimu Mbaluka, akiwa na koti lake la kazini, Kahiga magotini mwake na Gathoni kando yao. Mwalimu aliweka daftari mezani.

"Mama Gathoni, alama zinatumwa Ijumaa. Lynn na Mwas nitawapa zao kwa siku zao. Huyu sina cha kumpa. Siwezi kuandika alama za kitu ambacho hakikufanyika."

"Ni haki," Mama alisema. Alizisoma zile sahihi moja moja kwa kidole, kama anavyosoma karatasi za stoo. Kisha akamgeukia Gathoni. "Kwa nini, mami?"

"Ungeacha chuo."

Mama alilifunga daftari na kumshukuru mwalimu.

Usiku huo hakugombeza wala hakupiga. Ingekuwa afadhali. Kesho yake, kabla ya kazi kuanza, alikwenda ofisini kwa Hitesh, na jioni alipokuwa akikata vitunguu alimsimulia Gathoni.

"Nimemwambia kila kitu. Kwamba nasoma, kwamba darasa la jioni limenishinda, kwamba nataka Jumamosi."

"Akakataa?"

"Hakukataa. Amesema nije mapema kwa saa moja na dakika kumi na mbili, Jumatatu hadi Ijumaa, ili zile saa sita za Jumamosi zitimie. Halafu akaniuliza, 'Mama, kwa nini hukuniuliza mwezi wa nane?'" Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na haikuwa kwa sababu ya vitunguu peke yake.

Jumamosi, Mama alipotoka kazini saa saba, Gathoni na Kahiga walimkuta Thika, wakaenda naye chuoni. Karani wa ofisi, kijana aliyeitwa Nzuki, alikuwa mpole, lakini upole wake haukusaidia.

"Kubadilisha darasa ni wiki mbili za kwanza tu, mama. Hii ni ya saba. Na Jumamosi imejaa hadi mlangoni."

"Karo yangu?"

"Hairudi. Pole. Kuna nafasi za Jumamosi Januari."

"Na mtihani wa mwezi wa kumi na mbili?"

"Bila masomo utaufanyaje? Ahirisha. Na nikushauri, usichukue masomo matatu tena. Chukua moja moja."

Mama alihesabu mihula kwa vidole, somo moja kila muhula. Alipomaliza mkono wa kwanza aliacha. "Kahiga atakuwa mkubwa kuliko Gathoni wa sasa kabla sijamaliza," alisema, akatia sahihi fomu ya Januari.

Walitembea kuelekea stendi. Kahiga aliomba mahindi ya kuchoma, akanyimwa, akaacha kuomba. Mwishowe Gathoni alisema, "Nilitaka kukusaidia, Mama. Nimekuharibia."

"Tumeharibu wote wawili." Mama alisimama kando ya barabara. "Sikiliza, mami. Mimi niliogopa jibu la Hitesh, sikumuuliza. Wewe uliogopa jibu langu, ukanidanganya. Nikachagua darasa kwa saa ambazo hukuwa nazo. Ungeniambia ukweli ile Jumapili, pengine ningelia, pengine ningeacha chuo wiki moja. Lakini ningejua nimesimama wapi. Mtu anayekupenda akikuomba hesabu, mpe iliyopo, hata kama ni ndogo. Ile ya uongo inapendeza siku ya kuandikwa tu."

"Alama zangu je?"

"Umezikosa. Mwaka ujao utazitafuta zingine. Jumatatu utabaki hadi saa kumi na moja, na utamwomba Mwas msamaha mbele ya Lynn. Mimi nitamchukua Kahiga."

Gathoni aliitikia. Hakuona unafuu wowote, ila kwamba hakuwa na jambo la kuficha, na hilo lilikuwa geni kwake baada ya wiki saba.

"Januari ni mbali," alisema.

"Ni mbali," Mama alikubali, akamshika Kahiga mkono wavuke. "Lakini hiyo ni yetu kweli."